Kumwandaa mwalimu wa shule ya msingi kufundisha baiolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu, walimu wakuu, walimu wa taaluma na maofisa elimu kata wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mwalimu wa darasani naye atapata humu vitu vya kutumia kesho asubuhi.

Shule ya msingi haina somo linaloitwa Baiolojia. Kwa nini basi tuizungumzie?

Kwa sababu imejaa ndani ya Sayansi: viumbe hai na vitu visivyo hai, sehemu za mmea, uotaji wa mbegu, mifumo ya mwili, lishe, magonjwa, mazingira. Na ndiyo sehemu inayowapa walimu matatizo ambayo hawayaoni. Ukifika kwenye mada ya umeme, mwalimu anajua asichokijua, hivyo anajiandaa. Ukifika kwenye maharage, mahindi au homa, anaona ni mambo aliyokulia nayo nyumbani. Anaingia darasani bila kufanya jaribio, anachora mbegu ubaoni, watoto wananakili, kipindi kinaisha. Kosa alilobeba tangu utoto linahamia kwa wanafunzi tisini kwa mpigo mmoja.

Mafunzo yaanze na maarifa ya somo au na mbinu za kufundishia?

Yaanze na mikono. Mwalimu afanye jaribio lote mwenyewe, hadi limharibikie, ajue limeharibika wapi. Maarifa na mbinu vyote vitapatikana humo humo.

Ila kabla ya hapo, mpe kila mwalimu karatasi isiyo na jina yenye kauli nane, aandike kweli au si kweli: Mbegu zote huhitaji mwanga ili ziote. Mimea hupumua usiku tu. Mbolea ni chakula cha mmea. Buibui yumo kundi moja na nzi na mende. Uyoga ni mmea. Vyura wote hutaga mayai. Damu iliyomo kwenye vena ni ya bluu. Kula mahindi mabichi huleta malaria.

Zote nane si kweli. Usiyasome majibu papo hapo mbele ya watu, maana mwalimu aliyeaibishwa asubuhi hatauliza swali mchana. Kusanya karatasi, hesabu makosa ya kila kauli, kisha panga mafunzo kwa kufuata hesabu hiyo. Kauli ya mwisho inastahili muda wake. Wapo wanaoiamini kwa sababu wameona kwa macho yao kwamba msimu wa mahindi mabichi na msimu wa homa huja pamoja. Kweli huja pamoja, kwa kuwa mvua ileile inayokomaza mahindi ndiyo inayoacha madimbwi ya kuzalia mbu. Mwalimu akielewa kwamba vitu viwili vinaweza kuongozana bila kimoja kuwa chanzo cha kingine, amepata msingi wa sayansi yote, si wa malaria pekee.

Je, lugha yenyewe inaweza kumpotosha mwalimu? Kivipi?

Kiswahili cha nyumbani na shambani ni sahihi kwa kazi yake, lakini maneno manne hivi yakiingia darasani bila kufafanuliwa huleta shida kubwa.

La kwanza ni *chakula*. Mkulima anasema mbolea ni chakula cha mahindi, na hakosei: bila mbolea mahindi hudhoofu. Lakini kibaiolojia chakula ni kile kinachotoa nishati, na mmea hujitengenezea wenyewe kwa usanisinuru, kwa kutumia maji, kabonidayoksaidi ya hewani na mwanga. Mbolea inatoa madini. Njia nzuri ya kulimaliza hili kwa walimu ni kuwauliza swali la Sao Hill, shamba kubwa la miti: gogo la paini lililojaa kwenye lori linaloshuka Mafinga lilipata wapi uzito wake? Wengi watajibu udongoni. Hapo waeleze kazi ya mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, iliyochapishwa 1648. Alipanda mti mdogo wenye uzito wa kilo 2 na ushee kwenye chombo cha udongo aliokwisha kuupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifikia karibu kilo 77, na udongo ulipungua gramu 57 hivi tu. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba uzito wote umetokana na maji. Alikosea nusu, kwa kuwa hakujua kwamba mmea huchukua kabonidayoksaidi ya hewani. Kosa lake liachwe lionekane, walimu walijadili.

La pili ni *mbegu*. Uporoto, Makete na Njombe, "mbegu ya viazi" ni kiazi chenyewe. Kibaiolojia kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na yale macho yake ni machipukizi. Mbegu halisi zimo ndani ya vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya ndogo, ambavyo ni sumu na havionjwi. Usimwambie mtoto kwamba baba yake anakosea. Mwambie neno lina kazi mbili, shambani na darasani.

La tatu ni *mdudu*. Neno hili hubeba nzi, buibui, jongoo, minyoo, hata vimelea vya ugonjwa. Walimu wakubaliane kwamba darasani mdudu ni mwenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu, na wavihesabu viungo hivyo kwenye panzi halisi.

La nne, ambalo ndilo gumu, ni *kupumua*. Kuna kuvuta na kutoa hewa, na kuna kazi ya seli kuvunja chakula ili kupata nishati. Mmea haufanyi la kwanza, ila la pili hulifanya usiku na mchana bila kupumzika. Onyesho lake halina gharama: chukua chupa mbili za chai, zile zinazotunza joto. Moja weka gramu 200 za maharage yaliyolowekwa usiku kucha, nyingine maharage yaliyolowekwa kisha yakachemshwa dakika 10 na kupoa. Ingiza kipimajoto, ziba mdomo kwa pamba. Siku inayofuata chupa ya maharage hai huwa na joto zaidi. Soma ndani ya saa 24 hadi 36. Ukichelewa, maharage yaliyochemshwa huanza kuoza, bakteria wake nao hutoa joto, na onyesho linageuka kuwa fumbo.

Jaribio la uotaji wa maharage kila mtu analijua. Kuna nini kipya?

Kuna mengi, na ndiyo maana tunalitengea nusu siku nzima kwenye mafunzo. Walimu wengi hulijua kutoka kwenye mchoro.

Chagua maharage ya kula ya sokoni, ya mavuno ya karibuni, yasiyotobolewa na wadudu. Usitumie mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi, nyekundu, kijani au bluu. Rangi hiyo ni alama ya dawa, na watoto huweka mikono mdomoni. Loweka saa 8 hadi 12, si zaidi. Kila chombo kiwe na mbegu 10. Tatu hazitoshi, kwani zikifa mbili kwa bahati mbaya, mtoto ataandika kwamba maji huzuia uotaji. Tena kwa mbegu 10 asilimia inahesabika kichwani.

Tumia makopo ya plastiki angavu. Kunja karatasi ya chooni au gazeti lisilo na wino mwingi, lisimamie ukuta wa kopo, na mbegu zibanwe kati ya karatasi na ukuta ili zionekane kutoka nje. Maji yawe kiasi cha kulowanisha karatasi na kubaki kina cha upana wa kidole chini. Hapa ndipo wengi huharibu: wanamwaga maji yanafunika mbegu, zinakosa hewa, siku ya nne kopo linanuka.

Vyombo viwe vitano: chenye kila kitu, kikavu, kisicho na hewa, chenye baridi, na cha gizani. Kwa kile kisicho na hewa, chemsha maji dakika 5 au zaidi, yafunike yapoe, zamisha mbegu kisha mwaga mafuta ya kula unene wa sentimita 1 juu yake. Cha baridi kiombewe nafasi kwenye friji ya duka la jirani, sehemu ya chini, siyo inakogandishwa barafu. Cha gizani kiwe sawa na cha kwanza kwa kila kitu isipokuwa mwanga.

Siku ya pili mtoto atakuja mbio: mbegu isiyo na hewa imeota! Haijaota. Imefyonza maji ikavimba na ganda likapasuka. Hata mbegu iliyokufa huvimba. Chemsha tano uone. Kwa hiyo kabla ya kuanza, darasa likubaliane kwamba "imeota" maana yake mzizi mchanga umejitokeza angalau milimita 2. Mwalimu ambaye hakulifanya jaribio kwanza hawezi kujua kwamba makubaliano hayo yanahitajika, na hapo ndipo somo humponyoka.

Chombo cha gizani ndicho kinachowashangaza walimu wenyewe. Mbegu zinaota vizuri. Baadaye miche inakuwa mirefu, myembamba, ya njano. Mwanga hauhitajiki maharage kuota. Unahitajika mche kuendelea kuishi baada ya akiba ya zile nusu mbili nene za mbegu kuisha. Waliozoea kuandika ubaoni "maji, hewa, mwanga" wabadilishe waandike "maji, hewa, joto linalofaa".

Mbona kwetu Makete mbegu hazioti hata wiki ikiisha?

Ni baridi. Maharage hupenda nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, na yanapokaa karibu na 10 hulala tu. Juni na Julai nyanda za Makete na Njombe usiku hushuka chini ya hapo. Mwalimu akifuata kitabu kinachosema siku 3 hadi 5, atadhani mbegu ni mbovu.

Mna njia mbili. Ya kwanza, weka makopo jikoni kwa mpishi wa shule, mbali na moto kiasi cha hatua mbili, au fanya jaribio Februari. Ya pili ni nzuri zaidi: ifanye baridi iwe somo. Shule ya Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na shule ya karibu na Kitulo, mita 2,600 hivi, zianze siku moja na maharage ya gunia moja. Walimu watumiane picha kwa simu kila saa nne asubuhi. Watoto wa pande zote mbili watajifunza kazi ya joto bila friji yoyote.

Ayodini haibadiliki kuwa bluu kwenye ugali. Tumeuziwa feki?

Pengine hapana. Uliza kwanza ugali ulikuwa wa moto kiasi gani. Rangi ya bluu-nyeusi hutokea ayodini inapoingia ndani ya mizunguko ya wanga, na joto huifukuza isikae. Kwenye ugali wa moto utaona rangi ya kahawia tu. Acha upoe hadi ushikike bila kuunguza, rangi itajitokeza. Ukiupasha tena itapotea, ukipoa itarudi. Wapeni walimu nafasi ya kulicheza hilo wenyewe.

Tincha ya ayodini ya duka la dawa ni kali mno ikitumika ilivyo: kila kitu kinakuwa cheusi na mtoto hatofautishi kitu. Changanya sehemu 1 ya tincha na sehemu 10 za maji, mpaka ifanane na chai ya rangi. Matone mawili kwa kila kipande. Anzeni na kiazi kibichi kama kipimo kwamba dawa inafanya kazi, kisha wali uliopoa, yai lililochemshwa, nyama, karanga, na ndizi. Kwa Rungwe ndizi ndiyo mwalimu mkuu wa jambo hili: mkungu mmoja, kata ndizi moja mbichi, moja iliyoanza njano, moja iliyoiva kabisa. Mbichi itakuwa nyeusi tii, ya kati mabaka, iliyoiva karibu haina kitu, kwa sababu wanga umegeuka sukari. Mtoto anayejua ndizi mbivu ni tamu sasa anajua utamu umetoka wapi.

Kisu kilichokata limau kisitumike hapo. Vitamini C huondoa rangi ya ayodini papo hapo. Ubaya huo ni msaada pia: shati jeupe la shule likidondokewa, paka maji ya limau au kidonge cha vitamini C kilichosagwa, kisha fua.

Je, kupima wanga kwenye jani kwa kutumia spiriti kufanywe na watoto?

Hapana. Mwalimu aonyeshe, watoto wakae mita mbili nyuma. Kwenye mafunzo kila mwalimu alifanye mara mbili.

Funika sehemu ya jani la maharage kwa karatasi ya aluminiamu, *pande zote mbili*, likiwa bado kwenye mmea, kwa saa 24 hadi 48. Lichume saa nane au saa tisa mchana siku yenye jua. Lichemshe kwenye maji dakika 1 au 2. Kisha zima moto kabisa, peleka jiko mbali, ndipo mimina spiriti mililita 30 kwenye glasi yenye jani na uisimamishe ndani ya sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka. Mvuke wa spiriti hushika moto kutoka mbali, ndiyo sababu ya amri hii. Maji ya Mbeya mjini huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, lakini hilo halikwamishi, kwani spiriti huchemka chini ya 80. Jani likiwa jeupe huwa kavu kama biskuti. Lichovye kwenye maji ya uvuguvugu, litandaze kwenye sahani nyeupe, ndipo udondoshe ayodini na kusubiri dakika 3.

Likishindikana, sababu huwa moja kati ya hizi: siku ya mawingu, karatasi iliwekwa upande wa juu tu, au jani ni la nta, kama la chai, parachichi au embe, ambalo halipenyeki kirahisi. Jani la kitunguu nalo usilijaribu. Halihifadhi wanga.

Darasa lina wanafunzi 90. Majaribio yatawezekanaje?

Kwa kuacha wazo kwamba kila kundi lifanye kila kitu. Makundi 15 ya watoto sita. Hali tano za uotaji. Kila hali ipewe makundi matatu. Jumla ni mbegu 150, pungufu ya robo kilo kwa mbali. Na hapo mwalimu amepata kitu ambacho hata darasa la watoto 20 hukikosa: jaribio limerudiwa mara tatu. Makundi mawili yakipata jibu moja na la tatu likapata tofauti, kuna mjadala wa kweli.

Ndani ya kundi kila mmoja awe na kazi: mleta vifaa, mpimaji, mwandishi, mchoraji, msemaji, na mtunza usafi. Zibadilike kila wiki, la sivyo mvulana mwenye sauti kubwa atashika vifaa hadi Desemba na wasichana wataandika.

Kuna utaratibu wa mwaka unaofaa nyanda za juu?

Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Maua, uchavushaji, wadudu na vyura vyote vipangwe kati ya Januari na Aprili, hata kama kitabu kimeviweka mwisho. Mwalimu anayefundisha ua Agosti anaishia kwenye mchoro.

Ua la boga ndilo bora kwa kuanzia. Ni kubwa, na la kiume na la kike ni tofauti: la kike lina kiboga kidogo chini ya petali, la kiume lina bua refu jembamba na unga wa chavua unaobaki kidoleni. Lichumwe kabla ya saa tatu asubuhi, jua likipanda linajifunga. Baada ya hapo ndipo waende kwenye ua la maharage, ambalo lina vyote ndani yake lakini ni dogo na linahitaji subira.

Kiangazi kibaki na mwili wa binadamu, lishe, magonjwa, na viazi.

Ni mdudu gani afugwe darasani kuonyesha hatua za ukuaji?

Kiwavijeshi vamizi, yule anayetafuna mahindi na aliyeripotiwa nchini mwaka 2017. Yupo, wazazi wanamjua, na ana hatua zote nne. Mtambue kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mwisho wa mwili.

Kila kiwavi akae kwenye kopo lake. Ukiweka watano pamoja, Jumatatu utakuta mmoja mnene, kwani hula wenzao. Chini weka udongo wenye unyevunyevu kina cha sentimita 5, juu funika kwa kitambaa cha chandarua chakavu. Jani bichi la hindi kila siku, na kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu ukungu huua zaidi kuliko njaa. Baada ya wiki mbili hadi tatu huzama udongoni kuwa pupa, na watoto watasema amekufa. Wasifukue. Nondo hutoka baada ya wiki moja na nusu au mbili. Kwenye baridi ongeza siku nyingi.

Wakati mwingine badala ya nondo hutoka nzi au nyigu mdogo. Mama yake alitaga yai ndani ya kiwavi au juu yake, na ni somo la ziada la thamani kubwa kwa mtoto wa mkulima. Nondo asiachiwe huru. Atumbukizwe kwenye maji ya moto yenye sabuni.

Mfano wa mapafu wa chupa na puto unafaa?

Unafaa, kwa masharti. Chupa ya lita 1.5 ikatwe chini, mrija wenye puto dogo upite kwenye kizibo, na puto jingine lililokatwa lifunike chini kama kiwambo. Lisipojaa, hewa inavuja kwenye kizibo. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi. Halafu mwalimu awaulize watoto mfano huu unadanganya wapi: mbavu hazisogei, pafu ni moja, na kuna nafasi kubwa tupu ambayo kifuani haipo.

Tutumie mifano gani ya viumbe wa kwetu?

Tunayo ambayo dunia nzima inaisoma. Chura wa Kihansi, wa korongo la Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, hatagi mayai majini; huzaa vichura vidogo kamili, wadogo kuliko ukucha wa mtoto. Ndiye anayeibatilisha ile kauli ya sita. Maji ya korongo yalipogeuzwa kwenda kuzalisha umeme, manyunyu aliyoyategemea yalipungua, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia kwa sababu wengine walikuwa wanazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na baadaye wakarejeshwa. Makazi, mazoea ya kiumbe, na matokeo ya kazi za binadamu, yote yamo kwenye kiumbe huyu mmoja.

Kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe, alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na kutangazwa 2005, ingawa wenyeji walikwisha kumpa jina hilo. Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na inayoitwa Bustani ya Mungu, ina okidi ambazo viazi vyake huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia kutengeneza chakula kinachoitwa chikanda. Darasa la Makete linaweza kujadili kwa haki zote mbili: kipato cha nyumbani, na ua ambalo likichimbwa kiazi chake haliwezi kurudi mwakani.

Majina ya Kihehe, Kinyakyusa, Kibena na Kisafwa yaandikwe ukutani pembeni ya yale ya Kiswahili. Mtoto wa darasa la tatu mara nyingi anamjua mdudu vizuri, amekosa tu jina lake la shuleni.

Mada za balehe na uzazi walimu huziruka. Tufanyeje?

Kwenye mafunzo kila mwalimu ayatamke maneno yote sahihi ya viungo kwa sauti mbele ya wenzake, hadi ulimi uzoee. Aibu ya mwalimu ndiyo inayowachekesha watoto. Kamati ya shule ijulishwe wiki moja kabla. Kuwe na boksi la maswali yasiyo na majina, na wasichana wawe na mwalimu wa kike wa kumwendea, hasa kuhusu hedhi.

Semina ya siku tatu inatosha?

Haitoshi, na fedha nyingi zimeishia huko. Mwalimu hurudi na daftari na kalamu, wiki inayofuata anakutana na darasa lilelile peke yake. Kinachofaa ni mzunguko wa wiki tatu kwa kila mada, ndani ya jumuiya ya kujifunza ya shule au kituo cha walimu cha kata. Wiki ya kwanza, saa mbili, walimu wafanye jaribio na kuandika kila kilichoharibika. Wiki ya pili mmoja afundishe, wenzake wawili wakae nyuma. Wiki ya tatu walete madaftari ya wanafunzi, siyo maandalio ya somo, wasome watoto wameandika nini hasa. Mizunguko minne kwa muhula ni mizigo inayobebeka.

Anayemtazama mwenzake darasani aandike nini?

Asiandike "zana zilitumika vizuri". Aandike maneno yenyewe ya watoto watatu waliokosea, na mwalimu aliyapokeaje. Ahesabu pia sekunde. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na wakisubiri tatu au zaidi majibu huwa marefu na watoto wengi zaidi hujibu. Saa ya simu inatosha kupima hilo, na mwalimu akiona namba zake hubadilika haraka kuliko akipewa ushauri.

Mtoto akiuliza swali ambalo mwalimu hajui?

Aseme hajui, aliandike pembeni ya ubao na tarehe, na alijibu ndani ya wiki. Wakufunzi wenyewe waonyeshe mfano huo.

Majaribio hayatatupotezea muda wa kuandaa watoto kwa mtihani?

Mtihani ukiuliza mambo yanayohitajika mbegu kuota na ukaweka mwanga kati ya majibu ya kuchagua, aliyekariri ataubahatisha. Aliyeona kopo la gizani likiota hatauchagua. Muda unaopotea kweli ni ule wa kunakili nukuu ambazo tayari zimo kitabuni. Zikipunguzwa nusu, jaribio linapata nafasi.

Sanduku la vifaa la shule moja liwe na nini?

Makopo angavu 20, chupa mbili za chai, vipimajoto viwili, lenzi za mkono 8, tincha ya ayodini mililita 100, spiriti mililita 250 iliyofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, puto 20, mirija, pamba, karatasi ya aluminiamu, rula 15, mizani ndogo ya jikoni, chandarua chakavu, na sahani nyeupe nne. Vingine vyote vipo uani na sokoni. Ufunguo ukae kwa walimu wawili, kwa sababu sanduku lenye ufunguo mmoja hufungiwa siku mwenye nao amesafiri. Kwenye chupa ya ayodini bandika tarehe ya kufunguliwa na ukaze kifuniko: ayodini hupotelea hewani taratibu, na kabla ya kila kipindi ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kiazi.